Maswali ya Wasomaji: Hela ya Morfini Inapotelea Wapi?

Barua za safari hii zinahusu jambo moja: namna huduma za afya za umma zinavyotumia fedha kwa dawa kali za maumivu. Tunaposema opioidi tuna maana ya dawa zote za jamii ya afyuni: morfini, kodeini, tramadoli, oksikodoni, fentanili, buprenofini, pethidini na ndugu zao. Barua zimefupishwa.

Matumizi yetu ya opioidi yamepanda kwa asilimia 35 ndani ya mwaka mmoja. Wagonjwa ni walewale kwa idadi, zabuni ni ileile, bei hazikubadilika. Leja inakubaliana na stoo, kwa hiyo wizi haupo. Sasa hela imekwenda wapi? — Mhasibu wa hospitali

Imekwenda kwenye umbo la dawa. Fedha ya dawa hizi ni zao la namba tatu: wagonjwa wangapi, kila mmoja amepata nguvu kiasi gani, na nguvu hiyo imenunuliwa ikiwa katika umbo gani, yaani dawa ya maji, kidonge cha kawaida, kidonge kinachoachia dawa polepole, sindano au kiraka cha kubandika kwenye ngozi. Mhasibu huiona namba ya kwanza na bei za zabuni. Ya pili na ya tatu zimejificha ndani ya leja ya famasi.

Fanya hivi. Omba leja ya miezi 12 ya dawa zilizotoka kwenda wodini na kwa wagonjwa. Usitumie ankara, maana ankara huonyesha kilichonunuliwa, na kilichonunuliwa Desemba huenda kikaliwa Machi. Kwa kila mstari, zidisha idadi iliyotoka kwa miligramu zilizomo, kisha geuza jumla hiyo iwe sawa na morfini ya kumeza. Vizidishi vinavyotumika sana Uingereza ni hivi: morfini ya kumeza 1, oksikodoni ya kumeza 1.5, kodeini 0.1, tramadoli 0.1, morfini ya sindano chini ya ngozi 2. Viraka vina hesabu yao. Kiraka cha fentanili cha maikrogramu 25 kwa saa kinalingana na takriban mg 60 za morfini kwa siku, nacho hukaa saa 72. Basi kiraka kimoja ni mg 180. Kiraka cha buprenofini cha maikrogramu 5 kwa saa kinalingana na kama mg 12 kwa siku na hukaa siku 7. Hicho ni mg 84. Ukishapata gramu za kila mstari, gawanya fedha ya mstari huo kwa gramu zake. Hapo utaona bei ya nguvu, ambayo ndiyo bei halisi. Bei ya kidonge kimoja au kiraka kimoja haikuambii kitu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwaka jana hospitali ilitumia gramu 1,000 za morfini, zote za maji, na gramu moja iligharimu 1 (iite sarafu yoyote unayoipenda). Jumla ni 1,000. Mwaka huu gramu 950 zimebaki za maji, na nguvu ya gramu 50 imehamia kwenye viraka vya fentanili, ambavyo kwa nguvu ileile vinagharimu mara 8. Hesabu: 950, jumlisha 50 mara 8, ni 1,350. Ongezeko ni asilimia 35, na dawa iliyohama ni asilimia 5 tu. Gramu 50 ni viraka 278 hivi. Kwa mgonjwa wa mg 60 kwa siku, gramu 1,000 zinawatosha wagonjwa 45 au 46 mwaka mzima. Gramu 50 ni za wagonjwa wawili na ushei. Wawili kati ya 46 wamebadilishiwa dawa, na bajeti nzima imetikisika.

Hapo kwenye 8 weka uwiano wa zabuni yako mwenyewe, kwa sababu hutofautiana mno kati ya mnunuzi na mnunuzi.

Kisha tafuta siku mabadiliko yalipoanza. Kwa kawaida utakuta wiki moja au mbili ambazo dawa ya maji ilikosekana. Daktari akaandika kiraka ili mgonjwa asilale na maumivu, na alifanya sawa. Dawa ya maji ikarudi, lakini cheti kikaendelea kunakiliwa mwezi hadi mwezi, maana aliyenakili si aliyeanza na hakujua kwamba kiraka kilikuwa cha kushikilia tu. Chagua orodha ya wote walio kwenye viraka, uliza kwa kila jina: anaweza kumeza? figo zake zikoje? Wanaoweza kumeza warudishwe, daktari akiwepo.

Angalia na sindano. Mgonjwa aliyetoka upasuaji juzi na leo anakula ugali wake vizuri hana sababu ya kuchomwa morfini kila saa 4. Hapo unalipia ampuli, bomba, sindano na muuguzi mara 6 kwa siku, na gharama hizo hazipo kwenye mstari wa opioidi. Ukiangalia mstari mmoja tu hutaziona kamwe.

Basi viraka vifutwe kabisa? — Mfamasia

Hapana. Kiraka kina mahali pake: mgonjwa asiyeweza kumeza, anayetapika mfululizo, mwenye utumbo ulioziba, au mwenye figo zilizochoka. Kwa huyu wa figo, mabaki ya morfini hujikusanya mwilini yakaleta usingizi mzito, kuchanganyikiwa na misuli kurukaruka, wakati fentanili na buprenofini huvumilika zaidi. Sharti kubwa ni kwamba maumivu yawe yametulia na dozi inajulikana. Kiraka cha fentanili huchukua saa 12 hadi 24 kufikia nguvu yake, na kikibanduliwa dawa huendelea kutoka kwenye ngozi kwa saa nyingi. Kwa hiyo hakifai maumivu yanayopanda na kushuka, wala hakifai mtu ambaye hajawahi kutumia opioidi. Huyo wa mwisho anaweza kuacha kupumua.

Joto huongeza kasi ya dawa kuingia mwilini: homa kali, chupa ya maji ya moto, kulalia kiraka juani. Na kiraka kilichotumika bado kina dawa ndani. Kikunjwe upande wa gundi kwa ndani kabla ya kutupwa, mbali na watoto.

Mkoa unataka ripoti kwa DDD. Nikitumia DDD matumizi yetu hayajabadilika. Nikitumia jedwali la kulinganisha na morfini yameshuka sana. Nani mkweli? — Afisa takwimu

Vyote viwili ni vya kweli, ila vinapima vitu tofauti. DDD ni dozi ya siku ya kulinganishia iliyowekwa kwa kila dawa chini ya Shirika la Afya Duniani: morfini ya kumeza mg 100, tramadoli mg 300, kodeini mg 100. Ni kipimo cha takwimu. Si dozi ya kumpa mgonjwa. Tazama kodeini: mg 100 zinahesabiwa DDD moja, sawa na mg 100 za morfini, ilhali kwa kutuliza maumivu zina nguvu ya mg 10 tu za morfini. Hospitali ikiacha morfini ikahamia kodeini, DDD itabaki palepale na wagonjwa watalia usiku kucha. Hivyo ndivyo ripoti yako inavyosema: mmepoteza nguvu. Jiulize kwa nini.

Peleka DDD kwa sababu umeombwa, na chini yake weka gramu za morfini ya kumeza. Andika pia umetumia jedwali gani. Jedwali la Uingereza linampa tramadoli 0.1, mwongozo wa 2022 wa CDC ya Marekani (kituo cha kudhibiti magonjwa) unampa 0.2. Ofisi mbili zikitumia majedwali mawili, matumizi ya tramadoli yatatofautiana mara mbili bila kidonge kimoja kuhama.

Na maadamu kodeini imetajwa: yenyewe haifanyi kazi mpaka ini liigeuze kuwa morfini. Kimeng'enya kinachoigeuza hakilingani kwa watu. Kuna ambao karibu hawaigeuzi kabisa, kwao ni fedha ya bure. Kuna wanaoigeuza kwa kasi ya kutisha, na watoto wamekufa kwa njia hiyo. Mwongozo wa WHO wa 2012 kuhusu maumivu ya watoto uliiacha kodeini ukaenda moja kwa moja kwenye morfini kidogo kidogo. Bajeti inayokimbilia kodeini na tramadoli kwa kuogopa jina la morfini mara nyingi hulipa zaidi kwa nguvu ndogo. Tramadoli ina kikomo cha mg 400 kwa siku, ambazo kwa jedwali la Uingereza ni mg 40 tu za morfini. Mgonjwa wa saratani akishafika hapo, hakuna pa kumpandisha ila kubadili dawa.

Kila mwaka tunaishiwa morfini mwezi wa 9 au wa 10, halafu tunanunua kwa dharura kwa bei ya kuruka. Makadirio sahihi yanafanywaje? — Mkuu wa ugavi

Kuna njia mbili, na tunashauri zote mbili zifanywe, kisha zilinganishwe.

Ya kwanza ni matumizi ya nyuma: chukua kilichotoka kwa mwaka, lakini ondoa miezi ambayo stoo ilikuwa tupu. Kosa la kila mara liko hapa. Kama mlitumia kilo 6 ndani ya mwaka na miezi 3 hamkuwa na kitu, matumizi ya mwezi si gramu 500. Ni kilo 6 kwa miezi 9, yaani gramu 667, na mahitaji ya mwaka ni kilo 8. Anayeagiza kilo 6 tena ameagiza na upungufu wake humohumo. Pengine huo mwezi wa 9 wenu umetoka hapo.

Ya pili ni kwa ugonjwa. Hesabu inayotumika sana kwa wagonjwa walio mwisho wa maisha inachukulia kwamba asilimia 80 ya wanaokufa kwa saratani na asilimia 50 ya wanaokufa kwa UKIMWI watahitaji wastani wa mg 75 za morfini kwa siku kwa siku 90. Eneo lenye vifo 1,000 vya saratani: watu 800, mara 75, mara 90, ni mg 5,400,000, yaani kilo 5.4. Vifo 600 vya UKIMWI: watu 300, kwa hesabu ileile, kilo 2.025. Jumla kilo 7.4 na kitu. Bado hujagusa upasuaji, ajali, majeraha ya moto na selimundu. Hayo ongeza kutoka kwenye rejista za wodi.

Sasa mtego wa makaratasi. Morfini inasimamiwa na Mkataba wa Dawa za Kulevya wa 1961. Kila nchi hupeleka makadirio ya mwaka unaofuata kwa Bodi ya Kimataifa ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya iliyoko Vienna kabla ya tarehe 30 Juni, na kila shehena inahitaji kibali cha kuingiza cha nchi inayonunua pamoja na kibali cha kutoa cha nchi inayouza. Kadirio likiisha, shehena haiondoki hata kama fedha ipo benki. Nchi inaweza kupeleka kadirio la nyongeza wakati wowote wa mwaka likiwa na maelezo, na ajabu ni kwamba wakuu wengi wa ugavi hungoja Juni ijayo kana kwamba mlango huo haupo.

Angalia pia kipimo. Bodi inahesabu morfini tupu, bila asidi iliyoungana nayo kuwa chumvi wala maji yaliyomo. Unga unaonunuliwa kwa kawaida ni salfeti, ambayo morfini yenyewe ndani yake ni asilimia 75 hivi. Ukiwa wa hidrokloridi ni kama asilimia 76. Dozi za wagonjwa, kwa upande wake, huandikwa kwa chumvi. Kilo 5.4 za salfeti ni kama kilo 4.06 kwa hesabu ya Bodi. Famasi ikipeleka namba zake kwa morfini tupu na wizara ikadhani ni chumvi, itazipunguza mara ya pili, na robo ya mwaka imepotea mezani.

Mwisho, kiwango cha kuagiza. Ikiwa kuanzia kuomba kibali hadi dawa kufika rafuni ni miezi 5, na mnatumia gramu 667 kwa mwezi, akiba ya tahadhari ikiwa miezi 3, basi agizo jipya linatakiwa kutoka siku stoo inapofika gramu 5,336. Hesabu hiyo ibandikwe mlangoni mwa stoo, na mwenye kuagiza ajulikane kwa jina.

Kununua unga na kutengeneza morfini ya maji wenyewe ni nafuu kweli? — Mfamasia msaidizi

Ni nafuu, na ni njia inayojulikana. Uganda imeifuata kwa miaka mingi: serikali hununua unga, Hospice Africa Uganda hutengeneza dawa ya maji, na mgonjwa huipata bure. Tangu 2004 sheria ya huko inawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea huduma shufaa (ya kupunguza mateso ya wenye magonjwa mazito) kuiandika. Lakini si kazi ya kila hospitali. Inahitaji leseni, maabara ya kupima nguvu ya kila mkupuo, na mizani inayoaminika.

Hesabu ni nyepesi. Kwa mg 5 katika ml 5, ni gramu 1 ya unga kwa lita 1. Kwa mg 50 katika ml 5, ni gramu 10 kwa lita. Kihifadhi cha jamii ya parabeni kiyeyushwe kwanza kwenye maji yaliyosafishwa yakiwa ya moto, kwa sababu kwenye maji baridi hakiyeyuki vizuri. Kikibaki chembechembe chini ya pipa, ukungu utaota kwenye chupa kabla ya tarehe. Maji yakishapoa, weka unga, koroga mpaka kioevu kiwe angavu, kisha ongeza maji hadi kufika alama. Ukijaza hadi alama kungali moto, ujazo utapungua ukipoa na dawa itakuwa kali kuliko lebo. Wawili wapime, wawili wasaini. Chupa ziwe za rangi ya kahawia, kwa sababu mwanga na hewa huiharibu morfini. Ikianza kugeuka njano hadi hudhurungi, isitolewe.

Kinachoua ni kuchanganya nguvu mbili. Cheti kimeandikwa "10" bila kipimo. Mmoja anasoma mg 10, mwingine anasoma ml 10, na chupa aliyoishika ni ile ya mg 50 katika ml 5: mgonjwa amemeza mg 100. Ndiyo maana Uganda hutumia rangi, kijani kwa nguvu ndogo na waridi kwa ile kubwa zaidi. Iga hilo, na kwenye cheti andika vyote viwili, miligramu na mililita, kila mara.

Gharama inayosahaulika ni chupa. Mgonjwa wa mg 10 kila saa 4 akitumia nguvu ndogo atakunywa ml 60 kwa siku, yaani lita 1.8 kwa mwezi. Hiyo ni chupa 4 za ml 500 pamoja na vifuniko, lebo na usafiri. Dozi ikifika mg 60 kila saa 4, nguvu ndogo ingemlazimisha kunywa ml 360 kwa siku. Kwenye nguvu kubwa ni ml 36. Kwa wenye dozi kubwa, nguvu kubwa inaokoa plastiki nyingi kuliko dawa.

Sisi madiwani tumeombwa tukate nusu ya fedha ya opioidi ili kuzuia uraibu kama wa Marekani. Tukate? — Diwani, kamati ya afya

Mheshimiwa, kabla ya kukata, ulizeni fedha hiyo inawaendea nani. Mgonjwa wa saratani, aliyevunjika paja na mama aliyetoka kwenye upasuaji wanalipiwa kutoka mstari huohuo na mtu mwenye maumivu ya mgongo ya miaka 6. Kisu cha nusu kwa nusu kitawakuta wale watatu kwanza, maana ndio wasio na sauti.

Penye haki ya kupunguza panajulikana. Kwa maumivu ya mgongo na viungo yasiyo ya saratani, ushahidi ni hafifu. Utafiti wa SPACE uliochapishwa Marekani 2018, wa watu 240 kwa miezi 12, haukukuta opioidi zikishinda dawa za kawaida za maumivu zisizo za jamii hiyo. Ule wa OPAL wa Australia, 2023, ulijaribu opioidi kwa maumivu mapya ya mgongo na shingo hadi wiki 6, na hazikupita kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani. Nchini Uingereza, mwongozo wa 2021 wa NICE, taasisi ya huko inayotoa miongozo ya tiba, unasema opioidi zisianzishwe kwa maumivu ya kudumu yasiyo na chanzo kinachoonekana, na wataalamu wa maumivu wa huko wanatahadharisha kwamba juu ya mg 120 za morfini kwa siku madhara hupanda bila faida kuongezeka. Basi mwombeni mfamasia orodha mbili: walio juu ya mg 120 bila saratani, na walioanza kwa upasuaji au ajali wakaendelea zaidi ya miezi 3. Hapo ndipo pa kuanzia.

Lakini msikate ghafla. Mtu aliyezoea kwa zaidi ya mwaka hupunguziwa kama asilimia 10 ya dozi aliyo nayo kwa mwezi, au polepole zaidi. Aliye na mg 100 anashuka 90, kisha 81, kisha 73. Akinyimwa siku moja atatoka jasho, ataharisha, hatalala, maumivu yatarudi kwa kishindo, na wengine wataenda kutafuta mtaani. CDC ya Marekani iliuandika upya mwongozo wake mwaka 2022 kwa sababu viwango vya ule wa 2016 vilikuwa vimegeuzwa rungu la kuwakatia watu. Upunguzaji huo una gharama: miadi, muuguzi, mazoezi ya viungo. Mkikata fedha ya dawa bila kuweka hiyo, mmehamisha tatizo tu kutoka famasi kwenda wodi ya dharura.

Upande wa pili wa mizani nao uwe mezani. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2017 ilikuta kwamba kati ya tani 298.5 za opioidi, kwa kipimo cha morfini, zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini zilipata tani 0.1. Kuziba pengo la dunia nzima, kama kila nchi ingepata bei ya chini kabisa, kulikadiriwa kuhitaji dola milioni 145 kwa mwaka. Kamati yenu inaweza kujikuta inapunguza mahali ambapo hakujawahi kuwa na kitu.

Baba yangu alifanyiwa upasuaji akapewa vidonge 60 vya oksikodoni. Alitumia 11. Vilivyobaki niwarudishie famasi wampe mwingine? — Binti mlezi

Virudishe, dada, lakini hawataruhusiwa kumpa mtu mwingine. Havijulikani vilihifadhiwaje, na kisheria ni dawa iliyokwisha kutolewa. Vitaandikwa kwenye rejista na kuharibiwa mbele ya shahidi. Usiviweke kabatini "vya akiba", kwani kabati la nyumbani ni chanzo kimojawapo cha dawa zinazotumiwa vibaya.

Vidonge 49 vilivyobaki ni fedha ya umma iliyopotea siku cheti kilipoandikwa. Kwa upasuaji mwingi siku 3 hadi 5 zinatosha, dawa za kawaida zikiendelea pembeni, na wodi inaweza kupima yenyewe: kama saa 24 za mwisho kabla ya kutoka mgonjwa alihitaji vidonge 2, asiondoke na 60. Kama vilikuwa vya kuachia dawa polepole, hoja ni nzito zaidi. Mwaka 2025 mamlaka ya udhibiti wa dawa ya Uingereza iliondoa maumivu ya baada ya upasuaji kwenye matumizi yaliyoidhinishwa ya opioidi za aina hiyo.

Kwa nini mfamasia wetu anataka dawa ya kulainisha choo iwekwe kwenye bajeti ya morfini? Si ni dawa nyingine kabisa? — Katibu wa hospitali

Mpeni. Mwili huzoea kichefuchefu na usingizi wa morfini ndani ya siku chache, ila kufunga choo hauzoei. Mgonjwa asiyepata sena au kitu kama hicho tangu siku ya kwanza ataacha morfini mwenyewe, au atarudi wiki ya pili tumbo limejaa, apigwe picha, alazwe, apewe enema. Kwa kila chupa ya morfini inayotoka, sena itoke nayo. Na kwenye kila wodi inayochoma opioidi kuwe na ampuli za naloksoni, dawa inayozima nguvu ya opioidi iliyozidi, za maikrogramu 400, tarehe zake zikikaguliwa kila mwezi, kwa kuwa ni dawa inayokaa bila kuguswa hadi siku inapohitajika ndani ya dakika.